Kompyuta ndogo ambayo lugha yake haina mwenyewe

Maelezo ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa wadi ya Ngaremara, Kaunti ya Isiolo, kuhusu kompyuta ndogo za kujifunzia na namna zinavyoweza kupima maji.



Mazungumzo ya leo ni ya kompyuta, lakini yanaanzia kisimani. Mama ametoka nyumbani alfajiri na punda wawili na mitungi. Ametembea saa mbili. Anapofika anakuta pampu imezima tangu jana, na watu waliomtangulia wamekaa chini ya mti wakingoja. Mlinzi wa pampu alijua tangu jana jioni, ila simu yake haikuwa na chaji. Fundi aliye Isiolo mjini hana habari yoyote. Maji yapo ardhini, fundi yupo, na pengine hata kipuri kipo. Kilichokosekana ni habari, ambayo haikusafiri.

Habari hiyo inaweza kusafiri yenyewe, na katika kaunti hii imewahi kufanya hivyo. Mpango wa Kenya RAPID, ulioanza mwaka 2015 katika kaunti za Garissa, Isiolo, Marsabit, Turkana na Wajir, ulitumia vifaa vilivyofungwa kwenye pampu za visima virefu. Kifaa kilihisi kama pampu inafanya kazi au imelala, kisha kikatuma taarifa kwa mtandao wa simu au kwa setilaiti, ili aliye ofisini aone kisima kipi kimenyamaza bila kungoja mtu atembee. Kwa kaunti yenye visima vilivyotawanyika kutoka Oldonyiro hadi Sericho, faida yake haihitaji maelezo marefu.

Swali la leo linakuja baada ya hapo. Kifaa chenyewe kikinyamaza, nani hapa anaweza kukifungua?

Vifaa vingi vinavyouzwa vya kupima maji, umeme au hewa huja vikiwa vimefungwa. Programu iliyo ndani haisomeki, mchoro wa saketi haupatikani, na nywila anayo aliyeuza. Kikifanya kazi, hakuna anayelalamika. Kikiharibika baada ya mradi kufungwa, kinabaki sanduku la plastiki lililofungiwa kwenye nguzo. Fundi wa simu pale stendi, ambaye hubadilisha vioo na kulehemu sehemu ya chaji kila siku, analitazama na kulirudisha. Si kwamba hana akili ya kulitengeneza. Hajapewa cha kusoma.

Kuna njia nyingine, na imekuwa rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Duniani kote wapo watu, wengi wao wakiwa vijana na walimu, wanaojitengenezea kompyuta ndogo kwa kupenda tu. Kompyuta hizo hazina kioo wala kibodi. Ni bodi ndogo ya kijani au nyeusi, fupi kuliko kidole, yenye vipini pembeni vya kuunganishia nyaya. Mfano mmoja ni Raspberry Pi Pico 2, iliyotoka mwaka 2024 kwa bei ya dola 5. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni shilingi 650 kabla ya usafiri na ushuru, bei isiyofika ya jogoo mkubwa wa kienyeji. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 520. Picha moja inayotumwa kwa WhatsApp inaweza kuijaza. Lakini kupima tangi la maji hakuhitaji picha. Kunahitaji namba moja kila robo saa.

Kinachozifanya baadhi ya bodi hizi kuwa tofauti na simu ya mkononi ni lugha ya prosesa yake, na hapa inafaa kusimama kidogo.

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inajua amri fupi fupi: chukua namba hii, ijumlishe na ile, iweke pale, jibu likiwa sifuri ruka hadi kule. Orodha ya amri hizo ndiyo inayoitwa usanifu wa prosesa, na kila programu, iwe ya M-Pesa au ya kupima maji, mwishowe hugeuzwa kuwa mlolongo wa amri hizo. Programu iliyogeuzwa kwa lugha ya prosesa moja haieleweki na prosesa ya lugha nyingine.

Lugha nyingi za prosesa zina wenyewe. Ile iliyo ndani ya karibu kila simu ni ya kampuni ya Arm ya Uingereza, na kampuni nyingine inayotaka kutengeneza prosesa ya kuielewa hupata leseni na kulipa. Ile ya kompyuta nyingi za ofisini iko mikononi mwa Intel na AMD za Marekani. Sasa linganisheni na soko la mifugo la Isiolo. Mturkana wa Ngaremara, Mborana wa Kinna, Msamburu, Msomali na mfanyabiashara Mmeru wakikutana penye mbuzi, wanapatana kwa Kiswahili. Hakuna anayetozwa ada kwa kukizungumza, na hakuna anayeweza kuamka kesho akamkataza Mturkana kutumia neno "bei". Usanifu huria wa prosesa ni lugha ya namna hiyo.

Lugha huria inayotumika zaidi leo inaitwa RISC-V, na herufi ya mwisho husomwa tano kwa namba za Kirumi. Ilianza mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Krste Asanović na wanafunzi wake Andrew Waterman na Yunsup Lee, wakiwa na profesa David Patterson, walihitaji prosesa ya kufundishia na kufanyia utafiti, wakaona lugha zilizokuwapo ama ni ngumu mno ama zina masharti. Wakaamua kuunda yao, wakidhani itakuwa kazi ya miezi mitatu. Mwaka 2015 ukaundwa ushirika wa kuitunza, na mwaka 2020 makao yakahamia Uswisi, ili mivutano baina ya mataifa makubwa isije ikaifunga. Orodha yake ya msingi ina amri 40 tu. Mwanafunzi anaweza kuziandika zote kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na akizielewa amefika chini kabisa mahali ambapo programu inakutana na chuma.

Wapo watakaosema hivi ni vitu vya kuchezea. Ni kweli, na historia ya vitu vya kuchezea katika kazi hii si ndogo. Mwaka 1975 kampuni ya MOS Technology ya Marekani ilianza kuuza prosesa ya 6502 kwa dola 25, wakati washindani wake waliuza zao kwa mamia ya dola. Watu wasio na kiwanda wala mtaji wakaweza kuinunua. Steve Wozniak aliitumia kutengeneza kompyuta ya kwanza ya Apple, mwaka 1976. Mwaka 1981 kampuni ndogo ya Acorn ya Uingereza iliitumia katika BBC Micro, kompyuta iliyoingia katika shule nyingi za nchi hiyo. Wahandisi wa Acorn walipotaka prosesa bora zaidi kwa kompyuta zilizofuata, walibuni yao, na chipu ya kwanza ikafanya kazi mwaka 1985. Prosesa hiyo waliiita ARM. Simu iliyo mfukoni mwa kila aliyeketi hapa ina asili katika kampuni iliyokuwa ikiuza kompyuta za shule.

Hadithi ya karibu zaidi iko ndani ya ile bodi ya dola 5. Mhandisi mmoja wa Raspberry Pi, Luke Wren, alibuni prosesa ya RISC-V katika muda wake wa mapumziko, akaiita Hazard3, na akaweka mchoro wake wote hadharani kwa leseni huria. Kampuni ikaiingiza katika chipu ya Pico 2: ndani mna prosesa mbili za Arm na mbili za Hazard3, na anayetumia bodi huchagua awashe zipi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeshika bodi hiyo anaweza kuandika programu, kuona imegeuzwa kuwa amri zipi, kisha kusoma mchoro wa prosesa inayozitekeleza. Na kasoro hazifichwi. Muda mfupi baada ya chipu hiyo kutoka, wapenda ufundi waligundua hitilafu katika vipini vyake vya kupokea umeme. Ikaandikwa katika kitabu rasmi cha maelezo, na toleo lililofuata likarekebishwa.

Hata hivyo, neno "huria" lisichukuliwe kwa pupa. Lugha kuwa huria hakufanyi kila chipu inayoizungumza kuwa wazi. ESP32-C3, bodi nyingine ya bei ndogo inayotoka kampuni ya Espressif ya China, ina prosesa ya RISC-V pamoja na Wi-Fi, lakini programu inayoendesha redio yake imefungwa. Hata kwenye Pico 2, mchoro ulio wazi ni wa prosesa za Hazard3, si wa chipu nzima. Mnunuzi mwenye busara huuliza ni sehemu gani iliyo wazi.

Na sasa turudi kwenye tangi, kwa sababu ndipo faida ya kusoma ndani ya kifaa inapoonekana.

Njia rahisi ya kupima maji bila kuyagusa ni sauti. Kipima hufungwa juu ya tangi kikitazama chini. Hutoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, mlio hugonga uso wa maji na kurudi kama mwangwi wa mlimani, na bodi huhesabu muda uliopita. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya milisekunde 10, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde, sauti imekwenda na kurudi mita 3.43, na uso wa maji uko karibu mita 1.71 chini ya kipima.

Lakini hii ni Ngaremara. Saa saba mchana joto likifika nyuzi 35, sauti huongeza mwendo hadi takriban mita 352 kwa sekunde. Mwangwi ule ule wa milisekunde 10 sasa una maana ya mita 1.76. Tofauti ni sentimita 4 na nusu au zaidi kidogo. Kwenye tangi la mviringo lenye upana wa mita 2.2, hizo ni lita zipatazo 170, zaidi ya mitungi minane ya lita 20. Kifaa kilichopangwa kwa hewa ya nyuzi 20 kitasema maji hayo yapo. Hayapo. Na hewa iliyo chini ya kifuniko cha tangi jeusi lililoshinda juani huwa moto kuliko nyuzi 35.

Kwenye kifaa kilichofungwa, kamati ya maji itaona namba zinapanda mchana na kushuka usiku, na itaanza kumshuku mlinzi kwamba anauza maji gizani. Ugomvi wa aina hiyo hauhitaji kufafanuliwa kwa watu waliopitia ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikipita bila mvua ya kutosha. Kwenye kifaa ambacho programu yake inasomeka, kijana anaongeza kipimajoto na mistari michache ya hesabu, na mzozo unakwisha kabla haujafika kwa chifu.

Kazi ya namna hii haipo ng'ambo tu. Katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, watafiti akiwemo Ciira wa Maina wametengeneza vipima kina cha mto vinavyotumia sauti na redio za masafa marefu zinazokula umeme kidogo. Andiko lao la mwaka 2021 linahusu sehemu ya juu ya mto Ewaso Ng'iro. Maji yanayopimwa kule ndiyo yanayoteremka kupita Archers Post, na ng'ombe wa wadi hii hunywa humo. Kwa uhakika wa mambo, si lazima bodi iwe ya RISC-V ili ipime mto; bodi ya Arm hupima vilevile. Kinachohesabika ni kwamba mchoro, programu na hesabu viko mikononi mwa anayebaki na kifaa. Usanifu huria unalifikisha jambo hilo hadi kwenye prosesa yenyewe.

Mazungumzo haya si tangazo la zabuni wala ahadi ya kugawa vifaa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti huduma za maji na pia vyuo vya ufundi vya vijiji. Kisima na chuo cha ufundi viko chini ya paa moja, ingawa mara nyingi haviongei. Kijana anayejifunza umeme wa sola ana karibu kila kitu cha kuanzia: anajua betri, anajua nyaya, anajua kulehemu. Walimu nao wana mlango: mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu shuleni. Laptopu moja, bodi mbili au tatu na waya wa chaji ya simu unaopitisha data vinatosha kikundi cha wanafunzi watano. Intaneti inahitajika siku ya kupakua programu na vitabu. Baada ya hapo kazi inaendelea bila bando.

Mambo yatakayowasumbua yanajulikana. Bodi nyingi za aina hii hutumia volti 3.3, na anayeunganisha betri ya sola ya volti 12 moja kwa moja kwenye vipini ataona moshi mara moja, na somo hilo litamgharimu shilingi mia kadhaa. Vumbi huingia kila mahali. Nyani hung'oa nyaya. Mafunzo yenyewe huchukua miezi, si siku mbili za semina yenye chai na cheti. Na kifaa cha kwanza kitasema uongo, vyote husema.

Kamati za maji nazo zina kazi yao, hata kama hakuna mwanakamati atakayeandika programu. Mtu akija na kifaa cha kufunga kisimani, cha bure au cha kuuzwa, aulizwe kabla ya kufunga. Laini ya simu iliyo ndani imesajiliwa kwa jina la nani, na nani atailipia mwaka ujao? Nywila itabaki na nani? Programu iliyo ndani inaweza kusomwa na kubadilishwa na fundi wa hapa? Betri yake inapatikana Isiolo mjini au hadi iagizwe? Majibu yaandikwe kwenye kitabu cha kamati na mleta kifaa atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, hilo nalo ni jibu.

Kwa vijana na walimu watakaotaka kuanza, tangi la kijiji lisiwe mahali pa kujifunzia. Kipimo cha kwanza kifanyiwe kwenye ndoo ya lita 20, kivulini. Kipima kiinuliwe juu ya ndoo kwa kipande cha mbao, kwa sababu vile visivyoingiza maji vingi havioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 25. Maji yaongezwe lita mbili mbili, na kila mara namba ya kifaa iandikwe daftarini kando ya namba ya rula. Kisha ndoo ile ile ipelekwe juani saa saba mchana, na vipimo virudiwe.